Gari Lisilolala Nje

Sharifah alikataa kukaa. Viti vya ofisi ya Ochola vilikuwa vyeupe pe, na yeye alikuwa amevaa gomesi yake ya Iddi, akahofia kuikunja. Alisimama mlangoni ameukumbatia mkoba wangu. Mume wangu Sifuna alikuwa ameketi kando yangu, uso ameuelekeza dirishani. Siwezi kusema alikuwa anatazama nje, maana kutazama kulikuwa kumeanza kumshinda.

“Mwambie,” nikamhimiza Sharifah. “Mwambie huyu bwana maneno yale yale uliyomwambia kwenye simu.”

Hata leo, miaka imepita, nikifumba macho namwona pale mlangoni, midomo inamcheza, hajui amekosa nini.

Sifuna alikuwa mtu wa kukodisha mahema na viti. Harusi za nusu ya Kampala zilikalia viti vyake, naye aliendesha pikapu iliyokuwa ikipiga kelele kila mahali isipokuwa kwenye honi. Gari alilolitaka lilikuwa la milango miwili, lile la kuguruma, la chini chini kama paka anayevizia. Alikata picha yake gazetini tulipokuwa tunaishi chumba kimoja Kalerwe, akaibandika ukutani juu ya ndoo ya maji. Nilimcheka. Nilimwambia sasa nimeletewa mke mwenza, tena yeye kapewa ukuta mzima na mimi sina hata msumari wa kutundikia khanga.

“Siku moja nitaliendesha mwenyewe mpaka Chwele,” akanijibu. “Mpaka mlangoni kwa mama. Atoke jikoni aulize ni nani huyo.”

Nimeikumbuka sana ile Kalerwe. Harufu ya mafenesi kutoka sokoni, matope, redio ya jirani, na Sifuna amelala chali akinieleza habari za injini kama mtu anayesimulia ndoto nzuri. Sikuelewa hata neno moja, na sijui kama nimewahi kuwa na raha kama ile tena.

Gari lenyewe alilipata ana mvi tayari. Lilikuwa jipya, la njano. Tulikuwa tumehamia Luzira, upande wa ziwani, na kabla halijafika alilijengea banda lenye mlango na kufuli, akidai kwamba unyevu wa ziwa hauna adabu kwa mabati. Sharifah, aliyekuwa akinisaidia kazi za nyumbani, alilifuta kila asubuhi kwa kitambaa ambacho mtu mwingine yeyote akikigusa ni vita. Na Sifuna, pamoja na mbwembwe zake zote za gazetini, aliliendesha kama amepakia trei za mayai. Vijana wa bodaboda walimpita wakimpungia mkono.

Kisha macho yakaanza. Daktari alimweleza kwamba mwanga utamponyoka kutoka pembeni ukielekea katikati, na kwamba dawa zitachelewesha tu, hazitazuia. “Kama kuna safari unataka kuendesha mwenyewe,” alimwambia, “usiiweke akiba.” Tukapanga kwenda Chwele Pasaka. Kabla Pasaka haijafika, injini ikakata roho kwenye barabara ya Port Bell. Ilitoa moshi, ikakohoa, ikanyamaza.

Waliotuuzia walikuja kulivuta, nasi hatukuwa na wasiwasi, kwa sababu waranti ilikuwa bado mbichi. Halafu akapiga simu meneja wao wa huduma, huyo Ochola, Mkenya mwenzetu aliyekuwa ametoka Kisumu juzijuzi tu. Alisema waranti imekataliwa. Gari lililokimbizwa kwenye mashindano halitengenezwi bure.

“Mashindano gani?” Sifuna akauliza.

“Rali, mzee. Mtu wa nyumbani kwako ndiye ametuambia.”

Sifuna hakugomba. Laiti angegomba. Alikata simu akaisukuma chai yake kando, akanigeukia na yale macho yaliyokuwa yakinitafuta mahali nilipo.

“Mama Nakhisa,” akasema, “ni wewe uliyekuwa ukiliita mke mwenza.”

Sijawahi kuumia namna ile. Mzaha wa Kalerwe, mzaha wetu wa chumba kimoja, leo anaurudisha kama ushahidi! Nilitoka nikaenda jikoni, nikamuuliza Sharifah kama kuna mtu aliyepiga simu kuulizia gari. Hakuficha. Kuna bwana alimuuliza linatumikaje, naye akamsifia mzee jinsi anavyolitunza. Akanirudilia maneno aliyoyasema, nami sikuona kosa lolote, kwa kuwa masikio yangu yalikuwa yameuzoea ulimi wake. Nilichojua ni kwamba huyu binti hana uongo. Kesho yake nikambeba mzima mzima, pamoja na gomesi yake, mpaka kwa Ochola.

Pale mlangoni Sharifah akaubana mkoba wangu kifuani.

“Nikamwambia huyu bwana, ssebo, gali ya mzee hairali nje,” akasema. “Mimi naona na macho yangu.”

Ochola akatupa mikono juu. “Si mmejisikilia wenyewe? Hii, rali nje! Na ameona na macho yake.”

Kwanza sikuelewa. Kisha kicheko kikaanza kunipanda kutoka tumboni, nikakibana, kikanishinda. Nikamgeukia Sharifah.

“Ulipokwenda kwa dada yako Kyambogo, kwa nini ulirudi jioni ile ile?”

Akaniangalia kama niliyerukwa na akili. “Bambi, Mama! Kule mimi sirali. Kuna kunguni.”

“Bwana Ochola,” nikasema, “muandike na huyu. Naye ni dereva wa rali.”

Sharifah alikuwa amelelewa na Kiganda, na katika kinywa chake l ikitanguliwa na i hugeuka r, na r mahali pengine hugeuka l. Hailali ikawa hairali, na Ochola akasikia hii rali. Gari la mzee halilali nje, lina chumba chake na kufuli lake, hilo ndilo alilotaka dunia nzima ijue. Ochola naye mtu wa magari, kila kitu kinamwingia kwa sikio la magari.

“Muulize mashindano ya magari yanaitwaje,” nikamwambia Ochola.

“Lali,” Sharifah akasema bila kusita. “Mashindano ya lali.”

Ochola akafunika uso kwa viganja. Alikuwa mtu mwema, lazima niseme. “Madam,” akasema kutoka humo ndani ya viganja, “nitafungua hii kesi upya leo leo. Lakini injini inatoka mbali. Itachukua muda.”

Sifuna alikuwa akicheka mpaka machozi. Tukiwa bado tumeketi akanitafuta mkono, akasema, “Nisamehe, Mama Nakhisa.” Nikamsamehe hapo hapo. Tulipofika kwenye ngazi bado alikuwa ameushika, na tulipomaliza ngazi hakuuachia, ndipo nikatambua kwamba hakuwa ameushika kwa mapenzi peke yake.

Injini ilikuja masika yameshakwisha. Yeye alikuwa haoni tena kingo za barabara. Basi niliendesha mimi, mimi niliyezoea pikapu, na yeye akaendesha kwa masikio. “Badilisha gia sasa. Usilibane, liachie.” Tukavuka Malaba, tukapita Bungoma. Alikuwa akiniuliza mahindi yamefika wapi, nami nikawa namwambia.

Kwenye njia ya kuingilia kwao nilisimamisha gari, nikashuka, nikazunguka kumfungulia mlango.

“Zamu yako.”

“Sioni, mama.”

“Mimi naona na macho yangu,” nikamjibu.

Akacheka, akahamia kwenye usukani. Tulikwenda polepole, mimi nikisema kulia kidogo, kushoto, nyoosha hapo hapo, kuku wakitupisha bila haraka yoyote. Mama yake akatoka jikoni akifuta mikono kwenye leso.

“Nani huyo anayekuja na mwendo wa ng'ombe?” akauliza.

“Ni mimi, Mayi,” Sifuna akasema, mikono bado kwenye usukani.

Jioni mama akalizunguka gari akisikitika kwamba hana banda la kuliweka. Sifuna akaweka kiganja juu ya boneti, ambayo ilikuwa bado na joto, akamwambia asijali, leo litalala nje.

Sifuna alitutoka mwaka juzi. Gari liko Luzira, ndani ya banda lake, na funguo ninazo mimi. Sharifah ameolewa, ana genge lake la ndizi Kalerwe, karibu kabisa na kile chumba chetu. Hunipigia simu Jumapili kunisalimia, na kabla hatujaagana huuliza swali lile lile.

“Mama, gali ya mzee bado hairali nje?”

“Hairali,” namjibu.