Mshipa wa Mzee Mosoti

Mzee Mosoti hakuogopa kufa. Alichoogopa ni kuvuliwa suruali na mke wa mwanawe.

Si kwamba Nyaboke alikuwa mkwe mbaya. Miaka saba alikuwa ameolewa na Bonface, na miaka yote hiyo yeye na mzee walitunza chinsoni, ile heshima ya Kikisii inayomtenga baba mkwe na mke wa mwana. Hawakupeana mkono, hawakutazamana usoni. Sasa, mwaka wa 1998, madaktari wa moyo walikuwa wamekuja na mashine yao kwa wiki moja tu katika hospitali ya misheni nje ya mji wa Homa Bay, na muuguzi pekee aliyeijua kazi hiyo alikuwa, unadhani nani, Nyaboke.

Mosoti aliuza ndizi sokoni Migori, na tangu mvua za Aprili, kila alipoinua mkungu kifua kilimbana. Daktari Walter alimweleza bila kumzungusha. Lazima waingize mrija mwembamba mshipani hadi moyoni waone palipoziba. Bila hivyo, siku moja kifua kingembana kisiachie. Njia ya kawaida ni kinenani. Njia mpya ni kwenye kifundo cha mkono, lakini mshipa wa hapo ni mdogo, na wa Mosoti ulikuwa mwembamba kupita kiasi. Ungepakwa dawa ya kuutanua, saa mbili kabla. Ukikataa kutanuka, basi ni kinena, na Nyaboke ndiye angemnyoa na kumwandaa.

"Ukikataa, nirudishe Migori nikafie kwenye ndizi zangu," Mosoti akasema, na hakuwa anatania.

Saa tatu asubuhi Nyaboke aliweka dawa mezani, akageuka akautazama ukuta, akamwelekeza mkwewe namna ya kujipaka: hapo mpigo unapocheza, usisugue, funika kwa plastiki, funga bendeji, usiguse tena. Mzee alitii kila neno, akaipaka kama anayempakia mgeni siagi kwenye mkate.

Balaa lilikuja nusu saa baadaye, na lilikuja likiimba. Akina mama wa Dorkasi, kikundi cha wanawake cha kanisa la Migori, tisa kwa hesabu, walikuwa wamekodi pikapu kuja kumwombea mzee wao wa kanisa. Mosoti aliwasikia wakiwa bado uani, akaitazama bendeji yake. Wangedhani ameshapasuliwa, wangeanza kulia, na kilio cha Mama Nyakerario kikianza hakina breki. Basi akaifungua, plastiki na yote, akavisukumia chini ya mto.

Sasa, mtu mzima kule hasalimiwi kwa ncha za vidole. Mama anapinda magoti kidogo, mkono mmoja unashika kiganja, wa pili unakumbatia kifundo, na mikono inatikiswa mpaka habari za nyumbani, za shamba na za ng'ombe ziishe. Wote tisa walimsalimia hivyo. Walipomaliza kuomba, wakamsalimia tena.

Wimbo wa pili haukufika mwisho. Nyakerario aliketi ghafla akisema kichwa kinampasuka. Akafuata mwingine, na wa tatu, nyuso zimewaka, mikono kichwani. Mmoja akanong'ona kwamba ugonjwa wa mzee umewahamia. Mosoti, aliyekuwa mzima kuliko wote, alianza kuamini.

Nyaboke aliingia, akaona mkono uko wazi, akaelewa. Dawa ya kutanua mishipa haijui ni ya nani, na ilikuwa imehamia mikononi mwa akina mama na kupanda hadi vichwani. Akawapa sabuni ili wanawe mikono, wenye kizunguzungu akawalaza miguu juu, kisha akamwita daktari. Walter alibonyeza kifundo cha Mosoti akakuta mshipa ni uzi tu. Alicheka kwanza, hakuweza kujizuia, halafu akasema kilichobaki ni kinena. Mosoti akashusha miguu kitandani, akaanza kutafuta viatu.

"Daktari, mpe saa mbili nyingine," Nyaboke akasema. "Mgonjwa wa mchana atangulie. Huo mkono nitaulinda mwenyewe."

Walter alikubali, ila kwa sharti. Dawa ikipakwa mara ya pili inaweza kumshusha presha mzee, kwa hiyo mpigo wake upimwe kila dakika tano kwenye mkono wa pili, na apimwe na mtu anayejua. Yaani ashikwe mkono na Nyaboke.

Akina mama waliolala waliacha kuugua ili wasikie. Mosoti alihisi aibu ikimpanda hadi masikioni. Kisha akamwona, kwa pembe ya jicho, binti wa watu aliyekuwa tayari kubeba aibu hiyohiyo mbele ya Dorkasi nzima ili yeye apone. Akanyoosha mkono wa kushoto.

"Shika, mama," akasema.

Ilipofika saa saba mshipa ulikuwa umefunguka, na mrija ukapita mkononi bila taabu. Kwenye televisheni ya mashine moyo wa Mosoti ulionekana ukirukaruka, mshipa mmoja umebanwa katikati. Walter akasema huo utatulizwa kwa vidonge, na mikungu ibebwe na wengine. Mzee alicheka kwa furaha mpaka akaambiwa atulie. Hapo ndipo alipogundua kwamba Nyaboke, barakoa usoni, bado anaitazama sakafu kila anapogeukia upande wake.

"Niangalie tu, mama," akamwambia. "Moyo umeshauona. Uso huu ni nini?"

Nyaboke aliinua macho, na kwa mara ya kwanza katika miaka saba mzee akajua kwamba mke wa mwanawe ana kovu dogo juu ya nyusi, na kwamba alikuwa analia.