Kicheko cha Yolande

...asicheke, jamani asicheke sasa, wakati Papa Venant anasimulia siku ile, macho yake mekundu, na yeye Yolande amejaza pembe ya kitenge mdomoni, anauma, anauma zaidi, maana kicheko kimekwisha kupanda toka tumboni, kile kile, na hawa wote walioketi kwenye mikeka ya salle ya paroisse, ukumbi wa kanisa, ni basecouriste, waokoaji wenzake, walichimba naye ule udongo wa Kadutu siku kilima kilipoporomokea nyumba, na hakuna hata mmoja wao anayecheka, ni yeye tu, mama mzima, mshona nguo wa Nguba, anayecheka mbele ya wafu... "Mvua ilikuwa ingali inanyesha," anasema Papa Venant, ndiye aliyekuwa shofa wao, "tukaacha camion chini, tukapanda na mapelle"... mapelle, makoleo, ndiyo, na mikono, na juzi kwenye kilio cha mama mkwe alikaa vizuri, alipika, alifunga kichwa kama wengine, kisha sanduku likaingia, mtu akalia kwa sauti nyembamba, na kikatoka, ha ha ha, kama cha mlevi, dada za mume wake wakamshika mikono wakamtoa mpaka barabarani, "Unamucheka mama yetu? Ni wewe ulimuloga?", na Firmin, mume wake, aliangalia ukuta... na yule docteur mgeni aliyeletwa kwanza kuwatibu roho aliwaita mmoja mmoja kwenye kiti, akauliza kwa mkalimani, unasikia nini rohoni, naye akajibu nasikia muzuri, docteur, mtu atamwambiaje mgeni kwamba anawacheka wafu, ni Maman Godelive, muuguzi, aliyesema viti vitoke, akatandika mikeka, akawasha mbabula ya makaa katikati kama kwenye matanga, "Bale bantu mulibatosha mu udongo," akasema, "lakini hamukubalilia. Leo tunabalilia"... "Tukasikia sauti," anasema Papa Venant, na Yolande anasukuma kitenge ndani zaidi, asiifikie hiyo, papa, tafadhali, "sauti ya mwanamuke chini ya bati, inaimba"... inaimba, nao wakachimba kuifuata, kucha zikang'oka, yeye mbele ya wote akipiga kelele, vumilia maman, tunakuja, tunakuja, na mume wa yule mwanamke kasimama kwenye mvua akisema ni Bulonza wangu, ni yeye, mpaka mkono wa Yolande ukapenya ukagusa redio, redio ya betri, bado inaimba, na kando yake Bulonza, amekwisha kupoa, na Yolande akacheka, redio mkononi, akacheka mpaka akaketi kwenye tope, na yule mume akamtazama, macho yale... "Kumbe iko redio," anasema Papa Venant, na kimetoka, kitenge kimeanguka, kinatoka kirefu, kichafu, kila kichwa kimegeuka, ardhi ipasuke immeze, sasa watamshika mikono... lakini Maman Godelive hainuki, "Mumuache acheke," anasema polepole, "kwetu mu matanga bajukuu banacheka, banaiga mwenye alikufa, na hakuna mwenye anabafukuza. Papa Venant, endelea"... naye anaendelea, kweli, anapandisha sauti kidogo tu kama mtu anayesema huku mvua inapiga bati, na katikati ya kicheko Yolande anamwona Bulonza mzima, na nguo yake ya nyumbani, anasonga bugali, redio pembeni, labda anaufuata wimbo kwa midomo, labda anatingisha kiuno maana hakuna anayemwona... na yule mume wa Bulonza, wanasema alihamia kwa kaka yake, kule Mumosho, na Yolande hakumpa pole hata siku moja, aliogopa macho yale, pole, neno fupi hivyo... na aibu haijaondoka, imemkaa shingoni, pengine atacheka tena mlangoni pa yule mtu, afukuzwe na huko, na Papa Venant bado anasema, na kicheko bado kinamtikisa mabega, na yeye amekwisha kuanza kujiuliza avae viatu gani kwa utelezi wa njia ya Mumosho.