Makisio ya Kuanzia

Kila nukta ya grafu ilikaa juu ya mstari wake, na hilo ndilo lililomkosesha mtafiti raha.

Mistari ilikuwa ya mwalimu wake wa zamani. Wanafunzi walimwita Mzee Kamba, kwani alieleza mesoni nzito, chembe ndogo kuliko atomu, kwa picha moja tu: kwaki mbili, vijenzi vyake, zilizofungwa kamba, na kadiri unavyozitenganisha ndivyo kamba inavyozidi kuvuta. Kwa picha hiyo na penseli alikokotoa uzito wa kila mesoni, wenzake wakamcheka miaka nenda miaka rudi. Nukta zilitoka kwenye kompyuta, ambayo haikuambiwa habari za kamba. Ilipewa kanuni za asili peke yake, ikaachwa isage namba.

Sasa mzee alikuwa kitandani, na daktari hakuwa na dawa nyingine ya kujaribu. Mtafiti alikuwa amemwahidi grafu.

Ndipo alipokumbuka. Kwa mesoni za juu, zile nzito zaidi, ishara humezwa na kelele za data, na programu huomba makisio ya kuanzia. Yeye, kwa haraka, alikuwa ameipa namba za Mzee Kamba. Pale ilipokosa jibu, programu ilimrudishia namba zilezile, kama mgeni mwenye adabu. Alipoilegezea makisio, nukta mbili za chini zilibaki palepale. Za juu zikafutika katika mapana ya mashaka. Alichapa grafu zote mbili.

Mke wa mzee alimfungulia mlango, utepe wa gundi mkononi.

"Karibu, mwanangu. Ukuta nimeshaufuta, tuibandike grafu. Tangu asubuhi ananiuliza kama umefika."

"Shikamoo, mwalimu," mtafiti alisema kando ya kitanda.

"Marahaba. Mbona umeibeba kama maiti?"

Alimpa grafu ya kwanza. Mzee aliipitishia kidole, mstari kwa mstari, mpaka juu. Mkewe alichungulia begani.

"Si zimekaa sawasawa?"

"Sawasawa mno," mzee alisema. Kidole kilisimama. "Makisio ya kuanzia uliyatoa wapi?"

Mtafiti alitazama shuka.

"Kwako, mwalimu."

Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamshika, mkewe akamwinua mgongo.

"Yaani nimejiuliza mwenyewe, nikajikubalia. Haya, toa ile nyingine. Nakujua, unayo."

Aliitoa. Huku juu, kila nukta ilikuwa na mstari wa mashaka ulioanzia ukingo wa chini wa karatasi ukaishia ukingo wa juu.

"Hazikatai," mzee alisema.

"Wala hazikubali. Data haitoshi."

"Itatosha lini?"

"Miaka, mwalimu."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama anayeambiwa basi limeshaondoka.

"Kwa hiyo alikuwa sahihi au hakuwa?" mkewe aliuliza, akimtazama huyu, kisha yule.

Alianza kutafuta ncha ya utepe kwa ukucha, akizungusha, akizungusha.

"Bandika hiyo ya pili," mzee alisema. "Chini kidogo, niione nikilala."