Safari Ndefu ya Kufika Kihanga

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakumjua Niyonsenga. Njia yake Jumamosi ile ilianzia Kihanga asubuhi, ikaenda mpaka Kyerwa, ikageuza, na hadi mchana huu alikuwa bado anairefusha.

"Na ule pale ni mnara wa simu," alisema, akinyoosha kidole kilimani. "Tunaweza kusimama kidogo."

Dastan, dereva wa usharika, alimtazama kupitia kioo. "Dada, mnara wa simu? Kwani kwao hawana?"

Wakasimama hata hivyo, maana wageni walikuwa watu wa adabu. Walishuka wote watatu, wazungu wa kanisa moja la Kanada waliokuja kujenga vyoo vya shule, wakasimama barabarani na macho yao mekundu ya safari wakiutazama mnara. Kazi ilikuwa ianze Jumatatu, na leo walikuwa wametolewa kutembezwa. Yule mrefu mwenye kofia akaupiga picha, kisha akaegemea gari na kufumba macho.

Wa nne wao alikuwa Liliane, mwenyeji wa hapa hapa aliyerudi pamoja nao, na huyo ndiye ambaye Niyonsenga alikuwa akimkwepa huku amekaa naye kiti kimoja. Walikulia Kihanga nyumba kwa nyumba, watoto wa vibarua waliotoka Burundi. Liliane alikuwa na miaka tisa mama yake, Nikuze, alipofariki. Walimzika kwenye migomba waliyokuwa wakiilima, na haukupita muda shangazi akamchukua mtoto kwenda naye ng'ambo. Siku ya kuondoka Liliane alimwambia mwenzake neno moja tu: "Uniangalizie mama."

Niyonsenga alimwangalizia. Saruji haikuwapo, na msalaba wa mti uliliwa na mchwa, lakini kichwani pa marehemu palipandwa mgomba, na kila Pasaka alikwenda kupalilia chini yake. Mpaka ulipoingia mnyauko. Majani yakawa manjano, ndizi zikaiva kabla ya kukomaa, na amri ikatoka kwamba migomba yote ing'olewe na kufukiwa. Wakati huo Niyonsenga alikuwa Kimuli, akichuma kahawa za watu. Aliporudi alikuta shamba jeupe, limelimwa kutoka juu mpaka kisimani, na maharage yameshachipua. Alizunguka humo kutwa kama kuku aliyepoteza yai, akashindwa kusema ni hapa au ni pale.

Kumwambia Liliane hakuweza. Kwenye simu alisema, "Mama yupo, hana neno." Na juzi, aliposikia wageni wameshatua, aliokota mawe, akayapanga chini ya mparachichi pembeni mwa shamba, akapanda na maua. Lilikuwa kaburi zuri kuliko mengi ya Kihanga, ila halikuwa na mtu ndani.

Basi asubuhi Liliane aliposema waanze kwa mama, Niyonsenga alidai kule bado kuna umande, waende kwanza wakaone maji moto ya Mtagata. Kutoka Mtagata akasema ni dhambi kufika Kyerwa bila kupanda kilima cha kuonea milima ya Rwanda. Kutoka kilimani akakumbuka kitalu cha miche ya kahawa, na mbele ya kitalu kanisa lenye kengele ya zamani. Alikuwa amechoka kuliko wageni wote. Kiuno kilimuuma, koo lilimkauka kwa maelezo. Jembe ukichoka unaliweka chini, lakini uongo unalala nao na kuamka nao.

"Niyo," Liliane alisema walipoupa mnara kisogo. "Nimechoka. Nipeleke kwa mama."

Dastan aliwasha gari bila kungoja jibu.

Bibi Kokwijuka, aliyelinunua shamba lile mwaka uleule wa mnyauko, aliwapokea uani. "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu, karibuni." Akawagawia kahawa ya kutafuna, na wageni wakatafuna wakikunja nyuso kwa heshima. Niyonsenga hakuthubutu kumtazama bibi, maana juzi bibi huyo alimwona akibeba mawe.

Chini ya mparachichi wageni walivua kofia na kupiga magoti, au tuseme magoti yaliwaishia nguvu. Mmoja aliomba kwa lugha yao, maombi marefu, na yule mrefu akasinzia katikati yake. Niyonsenga alianza kulia, na kila mtu akadhani ni msiba.

Liliane alimwinamia sikioni. "Niyo, mama hatukumzika hapa."

Niyonsenga alianza kuyapanga upya mawe yaliyokwisha kupangika.

"Ni kule chini," Liliane aliendelea. "Nilikaa juu ya lile jiwe la kisimani. Mtu alinipa muwa ili ninyamaze, nikawa nautafuna huku wanamfukia mbele yangu. Niliona aibu kula. Ndiyo maana sijasahau."

"Mgomba wake uling'olewa," Niyonsenga alisema. "Waling'oa yote. Nilipatafuta, Liliane, nikapakosa. Ningekwambia nini? Kwamba nimempoteza mama yako?"

Hasira ilikuwamo machoni mwa Liliane, haikufichwa. "Ungeniambia hivyo hivyo. Badala yake umenitembeza mpaka kwenye mnara wa simu!" Kicheko kikamtoka, kile cha mtu aliyechoka sana, na kabla hakijaisha kikageuka kilio.

Kisha akajifuta uso kwa kiganja, akashuka mpaka kisimani. Jiwe lilikuwa palepale. Alikaa juu yake, akavuta magoti kifuani kama mtoto.

"Ingia kwenye maharage," alimwambia Niyonsenga. "Sogea kulia. Zaidi. Rudi nyuma kidogo. Hapo."

Niyonsenga alipatia alama kwa kisigino. Alipanda mpaka mparachichini, akaokota jiwe moja katika yale yake, akarudi nalo na kulilaza chini. Wageni walitazamana. Walidhani ni kivutio kingine. Wakashusha pumzi, wakamwamsha mwenzao, kila mmoja akabeba jiwe na kushuka nalo, na Dastan nyuma yao akiwa na mawili. Mawe yote yakahama.

Hapo ndipo Niyonsenga alipoona walivyoyakanyaga maharage ya watu. "Bibi, tusamehe," alisema. "Tumekuharibia shamba."

Bibi Kokwijuka alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba, mikono kiunoni. "Tulipolima hapa hakuna aliyetuambia kuna mtu," alisema. "Wekeni. Jembe litazunguka."