Romanus Anaendesha

Romanus wa Lizaboni hakuwahi kuugua kipindupindu, na mpaka leo ukimtajia kambi ile ya wagonjwa anatema mate kwanza. Aliyemtia ndani ni mkewe Walburga, kwa neno moja.

Mwaka ule ugonjwa uliingia Songea pamoja na mvua, na Bwana Afya Optatus akawa anapita nyumba kwa nyumba kusaka wagonjwa. Jumamosi akamkuta Walburga anatwanga kisamvu.

"Baba yuko wapi?"

"Anaendesha, Bwana Afya. Tangu alfajiri, hata chai hajanywa."

"Mara ngapi?"

"Hii ya sita."

Masikini, yeye alikuwa akizungumzia pikapu ya jirani iliyobeba matofali kwenda Matogoro. Optatus akaelewa tumbo la kuendesha. Romanus aliporudi akakuta wanaume wawili wenye glavu mlangoni, wakambeba mzobemzobe hadi kambini, shule iliyozungushiwa kamba.

"Mimi dereva jamani," alilia.

"Humu wote madereva," Optatus akamjibu. "Yule mzee pale anasema alikuwa anaendesha baiskeli."

Siku tatu, hakuna kutoka. Kilichomuuma Romanus ni Jumatatu. Tangu apunguzwe kazini alikuwa akiokoteza vibarua, na sasa Chande, mmoja wa matajiri wapya wa mahindi, alikuwa amemwahidi Fuso: aje Jumatatu, achukue ufunguo. Akalala kwenye kitanda chenye tundu la haja katikati, mzima kama mimi na wewe, akinyweshwa maji ya chumvi na sukari na kumlaani mkewe. Mwanamke gani anashindwa kutaja neno gari?

Jumatatu asubuhi Chande akaja mwenyewe, na Fulgence nyuma yake, dereva asiyejua hata kurudi rivasi. Chande akasimama mbali, leso puani, ufunguo kidoleni. Romanus alitaka kulia kwa furaha. Tajiri kamfuata mpaka humu.

"Romanus, nijibu moja tu," Chande akapaza sauti. "Bado unaendesha?"

Romanus akatanua kifua.

"Naendesha, tajiri. Usiku na mchana, kupanda na kushuka, wala sichoki."

Chande akarudi hatua tatu. Ufunguo ukaenda kwa Fulgence. Na Optatus, aliyekuwa akisikiliza, akamwongezea siku tatu kwenye daftari.

Ijumaa Walburga alimpokea kwa uji. Njia nzima Romanus alikuwa amepanga maneno makali, ya mdomo kuponza kichwa.

"Chande alisemaje?" mkewe akauliza kwa woga.

"Aliniuliza kama bado naendesha."

"Ukamjibuje?"

Romanus akakoroga uji ambao ulikwisha kukorogwa.

"Kama ulivyojibu wewe."