Mkono wa Mwalimu Inayat

Manzoor kinyozi alikuwa akimnyoa Mwalimu Inayat uani kwake, mjini Chiniot, pale kifaa mkononi mwa mwalimu kilipotetemeka. Kilifanana na saa. Tabinda, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimvalisha baada ya kiharusi, kimshtue kila mara mkono wa kulia unapozembea.

Mwalimu akajikaza, akauinua mkono kidogo. Kiganja cha Manzoor kikavimba mstari mwekundu, kama kimechapwa fimbo. Akahamishia wembe mkono wa pili, akaendelea.

"Umejikata?" akauliza Tabinda, aliyekuwa kando akiyasimamia mazoezi.

"Hapana, dada. Ni Mwalimu huyo. Darasa la tatu, nilikosea saba mara nane."

Tabinda akatoka hadi sokoni. Muuza maziwa alikuwa na mstari huohuo, na seremala, na karani wa benki. Walipaka mafuta ya haradali, kazi ikaendelea.

Aliporudi akamweleza Mwalimu kwamba kila anapouinua mkono, wanafunzi aliowahi kuwachapa wanavimba viganja. Miaka yote mzee aliamini kwamba walipokutana naye waliinamisha macho kwa mapenzi. Akakivua kile kifaa kwa meno.

"Sifanyi tena. Mkono na ufe."

Jioni wakaja wanafunzi wake wa zamani, watu wazima wenye mvi, viganja vimefungwa vitambaa.

"Mwalimu, usikate tamaa," alisema seremala. "Sisi tumeshazoea."

"Ukizembea tutakupigisha magoti kwenye kona!" karani akamtania, wote wakacheka isipokuwa Mwalimu.

Manzoor akamvalisha tena kifaa. Wakapangiana zamu ya kumpigia simu kila asubuhi: inua, Mwalimu, inua kidogo tena. Mzee aliinua huku analia. Mkono ukapona upesi kuliko mkono wowote aliowahi kuuguza Tabinda. Siku ulipoinuka hadi kupita kichwa, soko zima lilisimama, wanaume wakapuliza viganja vyao, kisha wakatuma sinia la vitamu vya ladu kumpongeza.

Kesho yake Manzoor alikuja na binti yake Mahnoor, nywele zimepakwa mafuta na kusukwa vizuri. Kwapani baba alibeba fimbo ya mforosadi, mpya, aliyoichonga mwenyewe. Akaubusu mkono wa Mwalimu, akamkabidhi fimbo na mtoto, kwa maneno ya wazazi wanaompa mwalimu ruhusa ya kuchapa.

"Nyama yako, Mwalimu. Mifupa yangu."

Mwalimu akamtazama mtoto.

"Amekosa nini?"

"Bado," alisema Manzoor kwa adabu, akatoka kwenda kufungua kibanda chake.