Docta Alisema Pita

Kisangani ina farasi sita tu, na watu wanawajua kwa majina kama wanavyowajua wagombea wakati wa uchaguzi. Huyu wa Chimène anaitwa Makayabu, kwa sababu siku aliyoshushwa kwenye boti alikuwa amekauka kama samaki wa chumvi. Leo, kwenye mashindano ya mbio ndefu, Chimène na Makayabu walikuwa mbele ya wote. Kilomita sitini za barabara ya Yangambi zilikuwa zimekwisha, zilibaki ishirini, na Prudence, mwana wa wauza jumla wa mtaa wa Makiso, alikuwa dakika nane nyuma akimeza vumbi lake.

Lakini kwanza Docta Timothée, docta wa farasi.

Kituo kilikuwa kwenye uwanja wa shule, na sheria ilikuwa hii: moyo wa farasi ushuke hadi mapigo sitini na nne kabla dakika ishirini hazijaisha, docta asikilize tumbo, amtazame akikimbia kwenda na kurudi, kisha aseme neno moja. Pita, au Baki. Akisema Pita, farasi anapumzika dakika arobaini na kuondoka. Mengine yote docta anayaandika kwenye karatasi, karatasi inaingia mfukoni, mfuko unafungwa. Kumuuliza kulikuwa kama kumuuliza padri aliyoyasikia kwenye kitubio.

Docta aliweka chombo chake cha kusikilizia kwenye ubavu wa kulia. Akahamia kushoto. Akakaa hapo. Akarudi kulia, kisha kushoto tena, macho ameyafumba kama mtu anayesikiliza majirani wakigombana nyuma ya ukuta.

Chimène aliona. Mwaka jana pia aliona. Mwaka jana docta alisikiliza hivyohivyo tumbo la farasi wa Eddy, akasema Pita, na Eddy akatoka akiimba. Kilomita nane mbele farasi alilala barabarani, akajiviringisha, akapiga kichwa chini. Saa tisa alikuwa amekufa. Waendesha toleka waliacha baiskeli zao wakasaidia kuchimba shimo. Mwaka jana Kisangani ilikuwa na farasi saba.

Makayabu akakimbizwa kwenda na kurudi. "Pita," alisema docta, akafunga kalamu.

"Pita ya namna gani, papa?"

"Pita iko pita."

"Hapana. Iko pita ya nguvu, na iko pita ya huruma. Ya wangu ni gani?"

Watu wakacheka. Mwendesha toleka mmoja akapaza sauti: "Maman, acha docta! Panda chuma yako, gurudumu ziko zote ine!"

Joëlle, dada yake, aliyekuwa ameshika ndoo ya maji, akamvuta shati. "Donc unataka kugombana na juge wa mashindano? Amesema pita! Kula chikwangue yako ya muhogo, nyamaza."

"Docta, umesikia nini upande wa kushoto?"

"Mutoto, nikianza kusema hesabu zangu, kila mutu atataka tupatane kama kwenye soko. Docta ongeza kidogo, docta punguza. Njo maana karatasi inafungwa."

"Mimi siombi unipunguzie. Eddy pia hakuomba."

Kicheko kikakatika. Tangu mwaka jana hakuna aliyelitaja jina hilo mbele ya docta. Na huyu ndiye mwenye neno Baki mdomoni, na mji mzima hauna docta mwingine wa farasi.

Docta akavua chombo shingoni, akamwekea Chimène masikioni.

"Kulia kwanza."

Kulia kulichemka kama sufuria ya pondu.

"Sasa kushoto."

Kimya. Kimya cha nyumba ambayo wenyewe wamehama.

"Tumbo nusu imelala," docta alisema polepole. "Fizi imekauka kidogo. Moyo sitini na ine. Nilipomukimbiza, ikapanda sabini. Sheria inamuruhusu. Njo maana nilisema Pita. Na mwaka jana ilikuwa vile vile."

"Na mutu akijua hivi, anafanya nini?"

"Majani yenye maji. Kumutembeza polepole. Kungojea. Hata kama saa yake ya kuondoka imefika."

Joëlle alikimbia kuloweka majani. Chimène akamtembeza farasi, akasimama, akabandika sikio ubavuni, akamtembeza tena. Dakika thelathini. Thelathini na tano. Makayabu alitafuna majani mawili matatu, akayaacha yaning'inie mdomoni.

"Makayabu, njia iko wazi!" mshika saa akaita.

Chimène hakuondoa sikio ubavuni.

"Anamusikiliza kama simu," yule wa toleka akasema. "Anangoja credit!"

"Dada, tunapoteza course hii ya farasi," Joëlle akanong'ona. Machozi yalikuwa karibu. "Miezi sita ya mazoezi."

Dakika nane zikapita, na Prudence, ambaye farasi wake pia alikuwa amepewa Pita, akawa juu ya tandiko. Alifika mpaka kwenye kamba ya kutokea, akasita, akageuza shingo.

"Docta... na wangu?"

Docta Timothée akafungua mfuko, akatoa karatasi, akasoma mbele ya watu wote: "Moyo hamsini na sita. Tumbo inasema pande zote. Muguu wa nyuma wa kushoto inagusa chini kwa woga. Kwenye kokoto, usimukimbize."

"Merci, papa." Prudence akatoka akishika ukingo wa barabara wenye majani. Nafasi ya kwanza ikaenda naye, ikapinda kona, ikapotea.

Chimène bado angeweza kumfikia. Neno Pita lilikuwa lake, hakuna wa kumnyang'anya. Chini ya sikio lake kitu kikanguruma tumboni, mara moja, kikanyamaza.

Docta akaja kusikiliza. "Iko kidogo."

"Kidogo ya kukimbia?"

"Ya kusimama na kula majani."

Chimène akafungua mkanda wa tandiko.

"Andika Baki, papa. Mimi njo nimesema, si wewe."

"Sheria iko inataka sababu."

"Andika ile tumesikia. Kisha usome kwa nguvu, Joëlle asikie, na huyu mwenye mudomo wa toleka pia."

Docta akaandika kwa muda mrefu, mistari mitano, labda sita. Akakohoa. Akaanza kusoma.